Mitiboli za Keja: Bucha Kwanza, Eafraya Baadaye

Saa mbili usiku Thika Road inatema watu. Mat zinashusha Kimbo, zinashusha Toll, zinashusha Kihunguro, na zile za Thika zinachapa mbio hadi stenje ya mwisho. Kila msee anashuka na njaa yake, na kila stenje iko na jibu tayari: smokie pasua, smocha, mayai boilo na kachumbari, mutura ikitoa moshi kando ya barabara. Hiyo dishi imelea wasee wa JKUAT na wa MKU kutoka kitambo, na mathe mwenye anaiuza kwa baridi anastahili heshima zake zote. Lakini mimi nasema hivi, na namaanisha: kijana mwenye ako na bedsita Ruiru ama Makongeni, na ako na eafraya kwa kona, anaeza jipikia mitiboli, yaani madonge ya nyama fresh ya kusaga, zenye zitashinda chochote chenye stenje inampea. Na bado atalala mapema.

Kuna sababu ingine pia, na si ya ladha. Oktoba 2015 shirika la utafiti wa saratani la WHO, IARC, liliweka nyama za kiwandani, soseji na jamaa zake zote, kwa kundi la vitu zenye zinajulikana kuleta saratani. Smokie moja moja haina noma. Smokie kila usiku, mwaka mzima, juu umechoka na hutaki kuwasha meko, hiyo ndio ya kufikiria.

Sasa shida iko hapa. Wasee wananunua eafraya wakiamini wamenunua mpishi. Mashine inapuliza tu. Ladha yote inatoka bucha na kwa mikono yako, na ukiharibu huko hakuna kifungo cha kukuokoa. Ndio maana mashine nitaigusa kidogo halafu tuingie kwa nyama, juu hapo ndio kuna stori.

Eafraya ni oveni ndogo yenye upepo mkali. Juu kuna koili ya stima, feni iko hapo nayo, chini kuna kikapu chenye mashimo. Feni inazungusha hewa moto hadi kila upande wa nyama unaguswa. Wazo lenyewe lilitoka Uholanzi, kwa msee anaitwa Fred van der Weij, na Philips ikaitambulisha kwa maonyesho ya Berlin mwaka wa 2010. Saa hii unapata za Ramtons, za Von, za Mika, kwa supamaketi za huku na kwa maduka ya Luthuli huko tao.

Mbona upepo? Juu nyama yenye iko na maji kwa ngozi haiezi geuka kahawia. Maji yakishachemka joto yake inakwama hapo, na huku kwetu hata haifiki nyuzi 100: Thika iko juu sana ya bahari, so maji yanachemka karibu na nyuzi 95. Lakini ile rangi ya kahawia, na ile harufu yenye inafanya jirani agonge mlango, zinadai nyuzi kama 140 kupanda, ndio protini na sukari za nyama zishikane zitoe ladha mpya. Mfaransa anaitwa Louis-Camille Maillard alieleza hiyo kitu mwaka wa 1912. Upepo wa eafraya unafagia maji kwa ngozi ya nyama chap chap, joto inapanda, kahawia inaingia, na ndani bado kuna supu yake. Kwa sufuria ya maji hiyo haitokei hata ukikesha.

Haya, bucha.

Usinunue minsi yenye imeshasagwa na imelala nyuma ya glasi. Hii nasema na uchungu. Julai 2019 NTV ilitoa habari ya upelelezi inaitwa Red Alert, ikaonyesha Wakenya venye nyama ya supamaketi zingine ilikuwa inapakwa kemikali ndio ikae nyekundu siku mob. Tangu hapo mimi rangi ya nyama peke yake siiamini. Na hata bila kemikali, minsi ni nyama ya kuheshimu. Kipande kizima kiko na uchafu kwa ngozi ya nje pekee, na moto unaumaliza. Kikishasagwa, nje inachanganywa na ndani, bakteria inapata nafasi kila mahali. Ndio maana msee anaeza dishi steki ikiwa nyekundu katikati, lakini mitiboli lazima iive hadi kwa roho.

Kwa hivyo ingia bucha ukiwa na macho. Cheki mhuri wa ukaguzi kwa ile nyama imening'inia. Cheki mdomo wa mashine ya kusaga: ukiona mabaki yamekauka hapo, toka uende ya pili, Ruiru hakuna siku bucha zitaisha. Ukiridhika, chagua kipande mwenyewe na uongee na buchaa vizuri: "Brathe, nikatie nusu ya shingo, unisagie hapa nikiona, na uniongezee mafuta." Salimia kwanza, muulize siku imeenda aje. Buchaa akikujua, anakuwekea kipande poa kabla ujue unakitaka.

Hiyo maneno ya mafuta ndio wasee wengi wanaruka. Wanaitisha steki tupu juu inakaa safi, halafu wanashangaa mitiboli zimekuwa kavu. Ng'ombe mob za huku zimekula nyasi na zimetembea, nyama yao haina mafuta mengi ndani venye ile ya Marekani iko. Zile video za mapishi kwa simu zinapikwa na ile nyama ingine. Wewe ukifuata vipimo vyao na steki ya Ruiru, utakosana na dishi bure. Itisha shingo ama kidari, na ujazie: nyama mafungu manne, mafuta fungu moja. Hayo mafuta mengi yataanguka chini ya kikapu, lakini yakiwa njiani yanalainisha kila kitu.

Keja mob hazina friji, so nunua siku yenye unapika. Na usibebe nyama kutoka tao kwa mat ikiwa kuna jam ya Githurai. Nyama iliyosagwa ikikaa kwa joto masaa mawili imeanza kuharibika kama bado unahesabu stenje. Nunua karibu na keja.

Kitu ya pili ni mkate, na hapa watu wa Thika Road tumebarikiwa kuliko venye tunajua. Mkate wa Broadways unaokwa Thika. Brookside wako Ruiru na maziwa yao. Mafuta ya kupika, Bidco wako Thika. Nanasi, nitafika huko. Karibu bakuli nzima imetoka kwa barabara moja, na hiyo inanibamba mbaya, juu tumezoea kuskia hii ni dishi ya watu wa Membley na Tatu City pekee. Si yao pekee. Ni yetu hadi kwa viwanda.

Chukua slaisi mbili za mkate, toa ile ngozi ngumu, uzivunjevunje kwa bakuli, umwagie maziwa robo kikombe. Acha dakika tano, halafu ponda na uma hadi iwe uji mzito. Kuna wasee wanadhani mkate unawekwa ndio nyama ionekane mob. Kazi yake ni ingine kabisa. Nyama ikishikwa na moto, protini zake zinajikaza na kukamua maji nje. Ule wanga wa mkate unayashika maji kabla yatoroke, na unakaa katikati ya protini ndio zisikazane sana. Mitiboli bila mkate inasinyaa na inakuwa ngumu. Kwa nusu kilo, slaisi mbili zinatosha. Ukizidisha utakula mkate wenye harufu ya nyama.

Viungo, mama mboga amekusort. Kitunguu kimoja kidogo, ukikune badala ya kukikata, halafu ukikamue maji. Hiyo ya kukamua usiiruke, maji ya kitunguu ndio yanafanya mitiboli zipasuke. Saumu punje tatu. Dhania na mashina yake yote, juu mashina ndio yako na harufu kushinda majani. Pilipili manga. Yai moja. Chumvi kijiko kidogo kimoja, lakini ukiweka Royco punguza, juu Royco iko na chumvi yake.

Kuchanganya ndio mahali mikono inaongea. Anza na ule uji wa mkate, utie yai na viungo vyote, uchanganye hivyo kwanza. Nyama iingie mwisho. Ukifanya kinyume utalazimika kukanda nyama sana ndio viungo vienee, na nyama yenye imekandwa na chumvi inashikana, inanyooka, inageuka soseji. Sisi tumekimbia soseji. Loweka mikono kwa maji baridi, fungua vidole, geuza nyama polepole hadi usione tena uji mweupe, halafu wacha. Mathe zetu wametufunza kukanda chapo hadi unga ukubali. Hapa ni kinyume, ukiona imeanza kukubali umeshapita.

Paka mikono mafuta kidogo, uviringe saizi ya ndimu. Nusu kilo inakupea kama kumi na sita. Zote ziwe saizi moja, si kwa urembo, ni ndio ziive pamoja. Kama uko na friji zipumzishe humo dakika ishirini zishike umbo. Kama huna, pika tu.

Sasa ndio unagusa mashine. Ipashe moto nyuzi 190 kwa dakika tatu. Paka kikapu mafuta kijiko moja, na hiyo ndio mafuta yote ya kupikia utatumia. Kwa sufuria ya kukaranga ungemwaga nusu lita. Panga mitiboli zisigusane. Hapa kuna ile tamaa ya kujaza kikapu ndio umalize mara moja. Kataa. Hewa ikikosa njia, nyama inatoa mvuke badala ya kukauka, na unarudi kwa mambo ya sufuria. Pika raundi mbili. Dakika sita, vuta kikapu, zigeuze, dakika zingine tano ama sita. Mafuta yakianza kutoa moshi kwa hiyo keja ndogo, mwaga maji vijiko viwili kwa trei ya chini ya kikapu, moshi unaisha.

Kuiva: kama uko na thamomita ya nyama, katikati isome nyuzi 71. Kama huna, kata ile kubwa kushinda zote. Isiwe na pinki, na supu yake itoke bila damu. Halafu ziache nje dakika tatu kabla ushike, juu supu inarudi ndani ikipoa kidogo. Najua njaa. Ngoja tu.

Tuongee stima, juu najua kuna msee tayari anafikiria tokeni. Mashine ya wati 1,500 ikifanya kazi dakika kumi na mbili inakula yuniti 0.3. Stima ya nyumbani, na makato yake yote, inacheza kati ya bob 20 na 30 kwa yuniti, kulingana na matumizi yako. Hiyo ni chini ya ashu kwa raundi moja. Raundi mbili hazifiki mbao. Kitu ya kuchunga ni ile mipaka ya Kenya Power: matumizi yako ya wastani yakivuka yuniti 30 kwa mwezi bei inapanda, yakivuka 100 inapanda tena. Msee wa bedsita mwenye anapika mitiboli mara mbili kwa wiki hafiki huko juu ya hii mashine.

Kubwa kushinda bei ni waya. Hiyo mashine inavuta zaidi ya ampea sita kwa dakika zote iko on, na kuna zile ekstenshoni nyembamba za mtaani zenye hazikutengenezewa hiyo mzigo. Zinapata moto, plastiki inayeyuka, na keja zetu ziko na godoro, pazia na meko kwa chumba kimoja. Chomeka eafraya kwa soketi ya ukuta moja kwa moja. Isukume mbali na ukuta, upana wa kiganja, juu inatoa hewa moto nyuma. Usiiweke kando ya mtungi wa gas. Hii sitanii nayo hata kidogo, watu wamepoteza vitu zao zote kwa moto wa waya.

Halafu kuna keateka. Ploti mob za Ruiru na Thika ziko na mita moja, stima imewekwa ndani ya rent, na sheria imeandikwa kwa ukuta: hakuna koili, hakuna hita. Ukiingia na eafraya kimya kimya, siku ya kujulikana mtakosana. Ongea naye kabla. Mwambie inakula kiasi gani na kwa dakika ngapi, umpe na hesabu hiyo nimekupea hapa. Wengine wataitisha kitu kidogo juu ya rent, wengine watakubali. Akikataa kabisa, mitiboli hizo hizo zinaiva kwa pani ya meko, moto mdogo, kijiko mbili za mafuta, umefunika, ukigeuza. Ngozi haitakuwa kavu vile, lakini kazi ya bucha na ya mikono bado utaiskia. Na stima ikipotea katikati ya kupika, hapo ndio unazimalizia.

Nilisema nanasi. Kutoka Thika ukienda upande wa Garissa Road unapita mashamba ya Del Monte hadi macho yachoke, na hakuna mtu wa huku hajui hiyo harufu. Nanasi na nyama zinapendana, lakini kuna mtego. Nanasi bichi liko na kimeng'enya kinaitwa bromelini chenye kinavunja protini. Ukitia vipande vibichi kwa minsi, baada ya nusu saa uko na uji. Moto unaua hicho kimeng'enya, so pika nanasi kwanza. Katakata nusu ya nanasi ndogo, tia kwa sufuria na kitunguu, tangawizi, pilipili moja, nyanya ya pakiti kijiko kimoja na maji ya ndimu. Wacha ichemke hadi iwe nzito, dakika kumi hivi. Ingiza mitiboli zikiwa zimeiva, zungusha, umemaliza. Usizipake hiyo sosi kabla ziingie kwa eafraya, juu sukari ya nanasi inaungua mapema na inaleta uchungu.

Watu wa Mombasa wakisoma hapa watasema hizi ni kababu, na wako na haki yao. Pwani wamekuwa wakisaga nyama na mkate na dhania, wakiviringa na wakikaranga, kabla huku Superhighway iingie kwa ramani ya mtu. Mwezi wa Ramadhani meza ya futari haikosi kababu, na kuna mchuzi wa kofta wenye unakulwa na wali wa nazi. Kama uko na beshte wa pwani kwa ploti, mwite siku hiyo. Atakufunza kuchovya kwa yai, na atakuonyesha venye kiazi kilichopondwa kinaeza kaa mahali pa mkate.

Za kudishi nazo: chapo mbili za kibanda na sosi ndani, umekunja. Ama ugali na sukuma, juu mitiboli zinashika ile nafasi ya nyama ya mchuzi bila kelele. Ama waru ukizikata nyembamba, uziloweke maji, uzikaushe na kitambaa, uzitupe kwa kikapu hicho hicho ukitoa nyama, mafuta yenye yamebaki ndio yanazipaka. Hiyo ya waru ndio yangu. Kikapu nacho kioshe kikiwa vuguvugu, na sponji laini. Waya wa kusugua sufuria unakwangua ile rangi nyeusi, na ikishatoka nyama itashika kila siku.

Nusu kilo inashibisha wasee wanne wakiwa na chapo. Kwa hivyo usipike peke yako. Hii wikendi changeni mbogi yenu, mmoja alete nyama, mwingine mkate na maziwa, mwingine nanasi, na mwenye ako na eafraya atoe soketi. Pitieni bucha jioni kabla giza, muangalie nyama ikisagwa, na kama hamjawahi ongea na buchaa wenu kwa jina, anzeni hiyo siku.